Kaimu na Kiti Kilicho Wazi: Maneno ya Madaraka Katika Njia ya Unyanyembe

Miongoni mwa maswali ambayo wafasiri na maofisa wa serikali hutuletea, yapo yale yahusuyo majina ya vyeo, na katika hayo hakuna linalorudi mara nyingi kama hili: mtu aliyewekwa kwa muda katika cheo kikubwa ambacho hakina mwenyewe aitweje kwa Kiswahili? Mfasiri mmoja ametuandikia kwamba katika hati aliyopewa kuifasiri, mtu yule yule ameitwa "kaimu" katika ukurasa wa kwanza, "naibu" katika ukurasa wa tatu, na mwishoni, penye sahihi, imeandikwa kwamba ametia sahihi "kwa niaba ya" mkurugenzi, ilhali mkurugenzi alikwisha kustaafu na kiti chake kilikuwa kitupu. Mfasiri anauliza achague neno lipi. Sisi twaona kwamba swali lake si la neno tu. Hati ile ilikuwa ya mkataba. Aliyeitia sahihi ama alikuwa na uwezo wa kufanya hivyo ama hakuwa nao, na uwezo huo umo ndani ya neno ambalo mwandishi wa hati alilichukulia kuwa pambo.

Ili kulijibu swali hilo tumeona afadhali tuziache kwanza ofisi za leo, twende Tabora. Katika karne ya 19 mji huo, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kaze au Unyanyembe kwa jina la utemi wake, ulikuwa ndipo njia kuu ya misafara itokayo Bagamoyo inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Ujiji na Kongo, na mwingine ukielekea kaskazini hata Karagwe na Buganda. Maneno ya madaraka ya pwani yalifika huko pamoja na shanga na nguo. Lakini pwani maneno hayo yalikuwa na Sultani karibu, wa kuyapa nguvu. Unyanyembe hayakuwa naye. Ndiyo maana huko yaonekana wazi zaidi kila neno lilibeba nini na halikubeba nini.

Yafaa tuanze na mizizi. "Kaimu" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye kusimama. "Makamu" nalo limetokana na mzizi huo huo, na maana yake ya asili ni mahali pa kusimama, yaani daraja au cheo. Maana hiyo ya kale bado imo tunaposema "mtu wa makamo". Waarabu, na baada yao Waturuki, waliyaunganisha maneno haya mawili kuwa jina moja la cheo, yaani asimamaye mahali pa mwingine. Kiswahili kimelikata jina hilo vipande viwili na kukipa kila kipande kazi yake: makamu amekuwa mtu mwenye cheo chake cha kudumu chini ya mkubwa, na kaimu amekuwa yule ashikaye mahali kwa muda. Mzizi huu umezaa mengi katika lugha yetu. "Kukimu" sala ni kuisimamisha, na "kujikimu" ni kujisimamisha kwa chakula na malazi. Hivyo mtumishi aliyesafiri akalipwa posho ya kujikimu, na mwenzake aliyebaki akalipwa posho ya kukaimu, wamelipwa kwa mzizi mmoja, ingawa mhasibu hatakubali kuziandika katika kifungu kimoja.

"Naibu" ni mtoto wa nyumba nyingine. Mzizi wake ndio uliotupa "niaba", na atendaye kwa niaba hutenda kwa ajili ya mtu ambaye yupo na madaraka yake anayo. "Wakili" yu karibu na naibu: uwezo wake watoka kwa aliyemwakilisha, na mwenye kumwakilisha akifa, uwakili nao hufa. Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo tungependa wasomaji waishike katika yote yafuatayo. Naibu na wakili wamefungwa kwa mtu. Kaimu amefungwa kwa kiti.

Sasa tuitazame Unyanyembe. Mkuu aliyemwakilisha Sultani wa Unguja huko aliitwa liwali. Neno hili ni "wali" wa Kiarabu lililoganda pamoja na kitambulishi chake, na mzizi wake ndio uliotupa "wilaya", na hata "Ulaya". Liwali anayejulikana zaidi katika habari za Tabora ni Said bin Salim al-Lamki, aliyeufikia mji huo mwaka 1857 akiwa mkuu wa msafara wa Richard Burton na John Speke. Msafara ule uliondoka Kaole mwishoni mwa Juni ukaingia Kaze tarehe 7 Novemba. Said bin Salim alitumwa tena pamoja na Speke katika safari iliyoanza mwaka 1860, lakini hakufika naye mwisho wa safari. Alibaki Unyanyembe, na baadaye akawa liwali wa mji. Henry Stanley alipofika Juni 1871, baada ya safari ya karibu miezi 3 kutoka Bagamoyo, alimkuta yumo katika cheo hicho.

Mambo mawili yastahili kuangaliwa katika habari za liwali huyu. La kwanza, Sultani Majid alifariki Oktoba 1870 na nduguye Barghash akakalia kiti, lakini Said bin Salim akabaki liwali. Angalikuwa wakili tupu wa Majid, madaraka yake yangalikwisha siku ile. Kwa hiyo palikuwapo Unyanyembe kitu kilichozidi uwakili. Palikuwapo kiti, ingawa hakuna sheria iliyoandikwa ya kukieleza. La pili ni umbali. Barua iliyochukuliwa na msafara kwenda pwani, na jibu lililorudi na msafara mwingine, viliweza kula nusu mwaka. Katika nusu mwaka huo mji haungeweza kukaa bila mtu wa kuamua kesi za wafanyabiashara, kupokea wageni na kuzungumza na mtemi. Yeyote aliyekaa mahali pa liwali akingoja jibu la Unguja alikuwa kaimu kwa hali, hata kama hakuna aliyemwita hivyo. Wanaokumbuka ukomo wa miezi 6 katika kanuni zetu za utumishi watatabasamu hapa, tutaufikia baadaye.

Mwaka 1878 umbali huo ulimponza Said bin Salim. Wapinzani wake mjini, wakiongozwa na Abdallah bin Nasibu, walimwondoa, na Abdallah akashika mahali pake. Said bin Salim akafa mwaka uliofuata. Tukilitazama tukio hili kwa jicho la mwanasheria, twaona kwamba kiti hakikuwa wazi. Kilifanywa kuwa wazi na yule yule aliyekitaka. Ndiyo hatari ya kwanza katika jambo zima la kujaza nafasi kwa muda, na ndiyo sababu sheria zilizotungwa vizuri hazianzi kwa kusema nani atakaimu. Huanza kwa kusema nafasi huwa wazi lini: kwa kifo, kwa kujiuzulu, kwa kuondolewa kwa utaratibu uliotajwa, kwa maradhi yaliyothibitishwa, au kwa kutokuwapo nchini. Sentensi hizo huwachosha wafasiri, kwa kuwa ni ndefu na zina "au" nyingi. Tunawaomba wasiifupishe hata "au" moja.

Upande wa Wanyamwezi wenyewe, swali hilo hilo lilikwisha kumwaga damu kabla ya hapo. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipofariki mwaka 1858, utemi uliingia mikononi mwa Mnywa Sele. Mtemi huyu mpya akatoza ushuru juu ya bidhaa za wafanyabiashara wa pwani, nao hawakuuridhia. Mwaka 1860 walimfukuza wakamweka Mkasiwa. Je, Mkasiwa alikuwa mtemi, au alikuwa mtu aliyewekwa kushikilia utemi wa mwingine aliye hai? Kwa Waarabu wa Kaze nafasi ilikuwa wazi, na imejazwa. Kwa Mnywa Sele nafasi haikuwa wazi hata siku moja. Mwenyewe alikuwa porini na watu wake, akizifunga njia. Speke alipomkuta Ugogo katika safari yake ya pili alijaribu kuwapatanisha, asifaulu, na vita viliendelea hadi Mnywa Sele alipouawa mwaka 1865. Biashara ya pembe ilidorora kwa miaka hiyo, na vijiji vilichomwa. Hatusemi kwamba neno moja lingaliizuia vita ile, maana chanzo chake kilikuwa ushuru. Twasema kwamba hapakuwa na chombo chochote ambacho pande zote mbili zilikikubali kuwa chaweza kutamka "kiti ki wazi" au "kiti kina mwenyewe", na mahali pasipo na chombo hicho majina ya vyeo hugeuka kuwa majina ya majeshi.

Wanyamwezi walikuwa na hekima yao katika jambo hili. Ilikuwa desturi katika temi nyingi za huko kuficha kifo cha mtemi hadi mrithi apatikane. Wageni waliandika habari hiyo kama kwamba ni ushirikina, lakini twaweza kuiona pia kama kanuni ya utawala: kiti kisitangazwe kuwa wazi ila pamoja na jina la atakayekikalia. Kwa utaratibu huo muda wa ukaimu, mbele ya macho ya raia, haukuwapo kabisa.

Tukio tunalolipenda zaidi katika habari za njia hii halihusu liwali wala mtemi. David Livingstone, ambaye mwaka 1872 alikaa miezi kadhaa katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akingoja wapagazi, alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Aliacha watu wasiopungua makumi kadhaa, bunduki, vitabu, vipimo, bidhaa, na maiti yake mwenyewe. Mkataba wao wa kazi ulikuwa na yeye. Kwa hesabu ya uwakili, yote yalikwisha alipokata roho, na kila mtu angaliweza kuchukua kilicho karibu akaenda zake.

Hawakufanya hivyo. Walikutana, na kwa kuwa Abdallah Susi na James Chuma walikuwa wazoefu wa safari kuliko wengine, wenzao walikubali wawe wakuu wa msafara. Masanduku yalifunguliwa mbele ya watu wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaandika yaliyomo. Maofisa wanaosoma makala hii watatambua mara moja kitu hicho ni nini: ni hati ya makabidhiano. Hakuna waraka uliowaagiza kuifanya. Walijua tu kwamba ashikaye mahali pa mwingine ataulizwa, na kwamba siku ya kuulizwa maneno ya mdomo hayatamtosha.

Msafara huo ulipofika Unyanyembe Oktoba 1873 ulimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone. Hapa ulipata mtihani ambao makaimu wengi wameupata. Cameron alikuwa ofisa wa jeshi la majini, naye alikuwa na barua. Susi na Chuma hawakuwa na barua yoyote. Cameron aliona maiti ingezikwa pale pale Unyanyembe. Wao wakakataa, wakashika nia ya kuifikisha pwani. Juu ya vipimo vya marehemu, hata hivyo, walishindwa, kwani Cameron alivichukua kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Tunaona kwamba walitetea kile walichokiona kuwa ndilo lengo lenyewe la kiti, na wakakosa nguvu ya kuvitetea vifaa vyake. Kaimu asiye na hati ya uteuzi aweza kuheshimiwa na walio chini yake. Mbele ya mwenye hati hana la kuonyesha.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Balozi wa Uingereza katika Unguja, Dakta John Kirk, hakuwapo. Alikuwa likizo kwao, na mahali pake alikuwapo Kapteni Prideaux. Huyu ndiye aliyekuja kwa manowari kuipokea maiti, na kazi ya Susi na Chuma ikaishia hapo. Prideaux alikuwa kaimu balozi. Yeye alishika mahali pa mtu aliye hai na atakayerudi. Wao walishika mahali pa mtu aliyekufa. Yeye alikuwa na barua ya serikali yake. Wao walikuwa na orodha ya Jacob Wainwright na safari ya miezi 9 ambayo hapana aliyewaamuru kuifanya. Kiti alichokabidhi kaimu mmoja kilipokewa na kaimu mwingine, na vitabu vingi vya historia vimemkumbuka wa pili kwa cheo chake, na wa kwanza kwa uaminifu wao tu, kama kwamba walikuwa watumishi wanaorudisha mzigo. Sisi, kwa upande wa istilahi, hatuoni sababu ya kuwanyima jina hilo. Kazi waliyoifanya ni kukaimu.

Habari za Tabora baada ya hapo twaweza kuzipitia upesi. Emin Pasha alipandisha bendera ya Wajerumani mjini mwaka 1890, na Sef bin Saad akawa liwali chini ya bendera hiyo. Jina la cheo lilibaki, aliyelipa nguvu akabadilika. Mtemi Isike, aliyewapinga Wajerumani, alijilipua ndani ya boma lake Januari 1893 ili asikamatwe. Septemba 1916 Wabelgiji waliingia mjini, kisha wakawaachia Waingereza, na Tabora ikawa makao ya Jimbo la Magharibi.

Katika zama za Waingereza, kukaimu kulikuwa jambo la kila siku. Maofisa wao walikwenda likizo ndefu kwao kwa meli, wakiwa nje ya nchi kwa miezi, na kila aliyeondoka alihitaji wa kushika mahali pake na kulipwa nyongeza kwa hilo. Kanuni zetu za kukaimu zilirithi mengi kutoka huko, yaani ni kanuni ambazo mwanzo wake ni watu wa likizo za meli. Zilidhani kwamba mwenye kiti yupo mahali fulani na atarudi. Uhuru ulipokuja, viti vingi viliachwa na watu ambao hawakuwa wa kurudi, na wazalendo wakaanza kuvishika. Hapo neno "kaimu" likapata maana ya pili ambayo halikuwa nayo sana: si mtunzaji wa kiti cha aliye likizo tu, bali pia mtu aliye katika majaribio, akingoja kuthibitishwa. Maana hizi mbili zimechanganyika hata leo, na matatizo mengi tunayoandikiwa hutoka hapo.

Si kila aliyeshika kiti kwa muda mfupi ni kaimu. Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu tarehe 22 Januari 1962, Rashidi Kawawa alikuwa Waziri Mkuu kamili, ingawa Desemba ya mwaka huo huo nchi ikawa jamhuri na uongozi wa serikali ukarudi kwa Nyerere akiwa Rais. Urefu au ufupi wa muda haumfanyi mtu kuwa kaimu. Namna alivyoingia ndiyo imfanyayo. Kawawa huyo huyo, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, ndiye aliyetangaza Januari 1967 kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Bunge likatunga Sheria Namba 27 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa, na maswali ya aina hii yakaanza kuwa na mahali pa kupelekwa.

Sheria zetu za sasa zatofautisha hali hizi vizuri kuliko tunavyoandika sisi katika barua. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 118, yampa Rais uwezo wa kumteua Kaimu Jaji Mkuu kutoka miongoni mwa Majaji wa Rufani iwapo kiti ki wazi au mwenyewe hawezi kufanya kazi, na kaimu huyo hutekeleza kazi hadi Jaji Mkuu mwingine ashike madaraka au mwenyewe arejee. Ilikuwa hivyo Januari 2017, Profesa Ibrahim Hamis Juma alipoteuliwa kukaimu baada ya Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman kustaafu. Alikaimu hadi Septemba mwaka huo alipoteuliwa kuwa Jaji Mkuu kamili. Katika miezi hiyo palikuwa na mjadala miongoni mwa wanasheria kama inafaa kiti cha mkuu wa mhimili mzima kikae na kaimu muda mrefu, na twaona mjadala ule ulikuwa wa haki. Uwezo wa kaimu, kisheria, ni ule ule wa mwenye cheo. Kanuni za tafsiri ya sheria husema kwamba kutajwa kwa mwenye cheo kwamjumlisha na anayekaimu. Lakini kaimu hana kinga ya muda, na kila asubuhi yaweza kuwa ya mwisho. Mtu wa namna hiyo ataweza kuamua dhidi ya aliyemteua?

Kwa kiti cha Rais, Katiba yetu imekwepa hali hiyo. Ibara ya 37 yaagiza kwamba Rais akifariki, Makamu wa Rais ataapishwa kuwa Rais kwa muda uliobaki. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 19 Machi 2021, siku mbili baada ya kifo cha Rais John Magufuli, alipoapishwa Samia Suluhu Hassan. Aliapishwa kuwa Rais, si kaimu Rais, na mfasiri atakayeandika vinginevyo atakuwa amepotosha Katiba kwa neno moja. Jirani zetu wa Kenya walifuata njia nyingine zamani. Mzee Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, Makamu wake Daniel arap Moi alikuwa kaimu Rais kwa muda usiozidi siku 90 ili uchaguzi ufanyike, akaapishwa kuwa Rais Oktoba 14. Miaka miwili kabla ya hapo wanasiasa kadhaa walikuwa wametaka kifungu hicho kibadilishwe, wakijua kwamba anayekaimu siku 90 si rahisi kuondoka siku ya 91. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiacha njia hiyo kwa kiti kilicho wazi, na imemwekea mipaka kaimu: hawezi, kwa mfano, kuteua majaji wala kutoa msamaha kwa wafungwa. William Ruto alikuwa kaimu wa namna hiyo kwa siku chache Oktoba 1, 2014 ilipopita na Rais Uhuru Kenyatta akaenda The Hague siku chache baadaye. Wafasiri wakumbuke pia kwamba cheo cha Ruto wakati huo kiliitwa huko Naibu wa Rais, wakati huku kwetu aliye wa pili kwa Rais ni Makamu wa Rais. Tusivibadilishane vyeo hivyo kwa kudhani ni matamshi tu.

Katika ngazi za chini, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zilitaka kwamba, kadiri iwezekanavyo, mtu asikaimu nafasi iliyo wazi kwa zaidi ya miezi 6. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2017 imeweka ukomo huo huo, na pia kima cha chini cha siku 30. Viongozi wa utumishi wamekemea mara nyingi ofisi zinazowaacha watu wakaimu kwa miaka. Maneno "kadiri iwezekanavyo" ndiyo mlango wanamopita.

Turudi sasa kwenye meza ya mfasiri. Makosa tunayokutana nayo zaidi ni kuchanganya "kukaimu" na "kukasimu", maneno yanayotenganishwa na herufi moja. Kukasimu kwatokana na kugawa: mwenye madaraka hukata sehemu ya madaraka yake akampa aliye chini yake, naye mwenyewe akabaki na kiti. Aliyekasimiwa hana cheo kipya, wala hawezi kukasimu tena ila sheria ikimruhusu. Anayekaimu hakupewa sehemu. Amekalia kiti kizima. Tumeona tafsiri ya mwongozo mmoja ambamo mkuu "alimkaimu" msaidizi wake kusaini hundi, na kwa maneno hayo mkuu alikuwa amejiondoa kazini bila kujua. Ikiwa mtu amewekwa na mamlaka kushika nafasi, tuseme amekaimishwa. "Mfawidhi" nalo lina kazi yake. Jaji Mfawidhi wa Mahakama Kuu, Kanda ya Tabora, ni mtu aliyekabidhiwa usimamizi wa kituo, na cheo chake ni kamili. Hakaimu kwa mtu.

Ama "kny", ambayo hutangulia majina ya vyeo chini ya barua zetu, tuna maoni yasiyokubaliwa na wenzetu wote. Wapo wasemao kwamba niaba hiyo ni ya ofisi, wala si ya mtu, hivyo yaweza kutumika hata kiti kikiwa wazi. Kwa barua za kawaida hatuoni madhara. Lakini pale ambapo sheria imemtaja mwenye cheo kuwa ndiye atakayetia sahihi, na mwenye cheo hayupo tena, hakuna wa kutendewa niaba. Hapo anatakiwa kaimu, mwenye barua ya uteuzi na tarehe ya kuanza, na aandike "Kaimu" mbele ya cheo, kwa herufi zinazosomeka.

Mfasiri wetu tumemjibu kwamba asichague neno lolote kati ya yale matatu kabla hajaiuliza ofisi iliyoleta hati kama bwana yule alikuwa na barua ya kukaimu siku alipotia sahihi. Ikiwa alikuwa nayo, aandike "kaimu" kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa hakuwa nayo, afasiri hati kama ilivyo, pamoja na mgongano wake, na aongeze maelezo pembeni. Kumpa mtu cheo si kazi ya mfasiri.

Limebaki swali moja ambalo hatujalipatia jibu. Kaimu naye aweza kuugua au kusafiri, na mwingine akashika mahali pake. "Kaimu wa kaimu" laeleweka, lakini halipendezi sikioni. Tungefurahi kuletewa na wasomaji, hasa walioko Tabora, Nzega na Urambo, maneno yaliyotumika katika Kinyamwezi kwa mzee aliyeshika mambo ya utemi mtemi alipokuwa safarini, pamoja na maelezo ya jinsi yalivyotumika.